Matofali ya Nankundi

Wiki ile kijiji cha Nankundi kilipotangaza mkutano mkuu wa kuamua kama matofali ya jengo la wazazi, la wanawake kujifungulia, yahamishiwe kwenye ujenzi wa kituo cha polisi, Abel wa Oswaldi alikamatwa na paneli ya sola ya watu.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye njia panda ya kuteremkia Muze. Gunia lilikuwa limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda yake, na ndani yake mlikuwa na paneli, betri na redio, vyote vya mzee Adolfu, vilivyoibwa siku mbili nyuma. Abel alisema mzigo haukuwa wake. Alisema kuna mtu alimlipa aufikishe Muze, ambako angempata wa kuupokea stendi. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walikwisha kumvua koti na kumlaza chini wakati Christopha, mtendaji wa kijiji, alipofika mbio na pikipiki. Christopha hakuwa mtu wa nguvu, lakini alilala juu ya yule kijana kwa mwili wake mzima na kukataa kuondoka, hata watu wakaacha kupiga wakihofia kumpiga mtendaji.

Kisha akamfungia ghalani. Hapakuwa na mahali pengine. Ghala la pembejeo ndicho chumba pekee kijijini chenye mlango wa chuma na kufuli la kuaminika. Halikuwa na dirisha hata moja, kwa kuwa lilijengwa kwa ajili ya mbolea na dawa ya kuhifadhia mahindi. Christopha alipiga simu Sumbawanga, akaambiwa gari la polisi liko mbali kwenye tukio jingine, avumilie.

Matofali yenyewe yalikuwa elfu kumi na nane. Yalifyatuliwa kwa viangazi viwili, kaya baada ya kaya, na Oswaldi, baba yake Abel, ndiye aliyesimamia matanuri, maana kwa uashi hakuna aliyemfikia katika vijiji vile. Yalipangwa kando ya zahanati, yakafunikwa nyasi, yakisubiri fundi. Lakini tangu Krismasi zilikuwa zimeibwa jozi mbili za maksai wa kulimia, na maduka mawili yalivunjwa. Halmashauri nayo ilikuwa imeleta ujumbe kwamba wananchi wakipandisha kuta za kituo kidogo chenye mahabusu, serikali itaezeka na kuleta askari wawili. Kwa jengo la wazazi hapakuwa na ahadi kama hiyo mwaka ule. Mzee Adolfu, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi hata kabla ya kuibiwa, alitaka matofali yahame.

Alhamisi mchana Cornelia, mama yake Abel, alipeleka chakula ghalani. Alikuwa amesonga ugali wa ulezi na kuweka maharage kwenye bakuli lenye mfuniko. Mlangoni alimkuta Stanley, mgambo, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, rungu magotini. Stanley alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Cornelia ndiye aliyemshika mbele ya padri akiwa na wiki tatu.

Stanley alisimama, akampa shikamoo, kisha akasema taratibu kwamba ana amri ya kukagua chakula. Alichukua kijiti, akachoma ugali ule mara nne, akakoroga maharage. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kuangalia. Cornelia alishikilia bakuli kwa mikono miwili mpaka Stanley akamaliza, kama mtu anayepimiwa unga dukani.

Ndipo akasikia mtoto mchanga akilia ndani ya ghala.

Aliuliza kuna nani humo. Stanley akaangalia chini. Akaeleza kuwa jana jioni ameletwa Avelina, yule mjane wa mtaa wa chini, kwa kesi ya kumpiga shemeji yake na mpini wa jembe wakigombea shamba. Shemeji ameshonwa kichwani, ndugu zake wana hasira, na mtendaji aliogopa wangemwumiza. Avelina ana mtoto wa miezi minane, bado ananyonya.

"Amelala humo na Abel?" Cornelia akauliza.

"Tumewatundikia gunia katikati, mama."

Cornelia aliweka bakuli chini. Alisema fungua mlango, nimpe mwanangu chakula, na huyo mwanamke atoke. Stanley akasema hana ruhusa. Cornelia akasema basi amwite mwenye ruhusa, na akakaa chini palepale, mgongo kwenye mlango wa chuma. Harufu ya dawa ya mahindi ilikuwa ikipenya chini ya mlango, na ilimkereketa kooni. Aliendelea kukaa. Watu wakakusanyika, wengine wakisema anamtetea mwizi, na mmoja akamwambia Stanley amburute tu. Stanley alisogea pembeni, akageuzia uso barabarani.

Christopha alikuja saa tisa, uso umemshuka, hajalala tangu jana. Alimwamkia, akamweleza kuwa anajua si sawa, lakini akimwachia Avelina bila mdhamini ndugu wa shemeji watasema amehongwa. Cornelia akasema andika mimi. Christopha akamkumbusha kwa upole kuwa kwa Abel hawezi kukubali dhamana, hilo ni la polisi.

"Sijakuomba la Abel," Cornelia akajibu. "Andika jina langu kwa huyu mwenye mtoto."

Christopha akamsogezea karatasi, naye Cornelia akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, na Avelina akatoka amefumba macho kwa sababu ya mwanga, mtoto amemfunga kwa upande mmoja wa kanga na upande mwingine amemziba nao pua. Mlango ulipokuwa wazi Cornelia alimwona mwanawe. Alikuwa amekaa juu ya magunia ya mbolea, macho yamevimba na kuwa mekundu, anakohoa. Alimsogezea bakuli. Hawakupata nafasi ya kusema neno kabla mlango haujafungwa tena.

Gari la polisi lilifika Ijumaa asubuhi. Askari aliyeteremka alikuwa mtu mzima, alimsalimia kila mtu, na aliponusa ghala lile alirudi nyuma hatua mbili. Alimwuliza Christopha kama kweli mtu alilala humo. Christopha akasema ndiyo, usiku mbili. Askari alimwacha Abel akae dakika chache kwenye benchi nje, apumue, kabla ya kumfunga pingu.

Baba yake hakuja. Cornelia ndiye aliyekuwapo, na Salome, mke wa Abel, mwenye ujauzito wa miezi saba. Cornelia aliinama mbele ya mwanawe na kumwuliza kwa Kifipa, kwa sauti ambayo wengine wasingesikia, kama alijua gunia lile lina nini.

Abel akasema hakulifungua, lakini aliona pembe ya paneli, na yule mtu alimpa nauli mara tatu ya kawaida. Alisema alijiambia kuwa hayamhusu. Alipomaliza alianza kulia, na Cornelia akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfuta utotoni.

"Kamwambie hakimu hivyohivyo," akamwambia. "Usipunguze wala usiongeze."

Jumamosi Oswaldi alikaa uani nyumbani kwake akinoa mwiko wa uashi ambao haukuhitaji kunolewa. Alikuwa ametangaza asubuhi kuwa hakuna mtu wa nyumba yake atakayekwenda mkutanoni kesho. Alisema ameishi Nankundi miaka hamsini na minne bila mtu kumwita mwizi wala baba wa mwizi, na hatakwenda kukaa kwenye nyasi ili achekwe. Kuhusu matofali, alisema, wafanye wanavyotaka. Fundi ni fundi, atajenga atakachoambiwa, au watafute mwingine.

Salome alikuwa akichambua maharage mlangoni. Kwa kawaida hakumjibu baba mkwe wake. Siku hiyo aliweka ungo pembeni, akasema yeye atakwenda. Alisema kwenye yale matofali kuna maji aliyoyabeba kichwani kutoka mtoni, na hawezi kukaa nyumbani wakati yanaamuliwa. Kila mtu pale alijua Salome anakumbuka nini. Machi ya mwaka uliopita uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimwanza kabla ya wakati, zahanati ikashindwa kumpokea kwa kuwa ina kitanda kimoja nyuma ya pazia na siku hiyo kilikuwa na mtu, na Abel akampakia kwenye pikipiki kwenda Sumbawanga kwenye matope. Mtoto alizaliwa barabarani akiwa hana uhai.

"Wewe je, mama Abel?" Oswaldi akamwuliza mkewe. "Na wewe utakwenda kuwaomba jengo la wazazi?"

Cornelia akasema atakwenda, ila hatasema atakachosema mpaka afike. Oswaldi aliutazama mwiko wake. Akasema kwamba kama wanawake wake wote wawili wanakwenda, itakuwa aibu zaidi yeye kubaki.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa shule, juani, kwa sababu Juni ile baridi ilikuwa kali na kila mtu aliutaka upande wenye jua. Watu walifika kama mia tatu. Familia ya Oswaldi ilipokaa, waliokuwa karibu walijisogeza kidogo, si sana, kiasi tu cha kuonekana.

Adolfu alizungumza vizuri. Alihesabu maksai walioibwa, akataja maduka, akasema mwizi akikamatwa leo kesho tunamwona sokoni kwa sababu hatuna pa kumweka. Alisema serikali imenyoosha mkono na wao wanaangalia pembeni. Wengi walitikisa vichwa kukubali, na alikuwa na haki ya kukubaliwa, maana hapakuwa na uongo katika aliyoyasema. Mwishoni akaongeza kwamba kwa heshima ya mkutano, kaya yenye kesi isipige kura siku hiyo. Baadhi ya watu wakacheka. Christopha akasimama, akasema kila mkazi mwenye miaka kumi na minane atapiga kura, na hilo halijadiliwi.

Mtu mmoja akapendekeza matofali yagawanywe nusu kwa nusu. Hapo Oswaldi aliinuka bila kuomba ruhusa, vumbi la uashi likiwa bado kwenye mishono ya koti lake la kanisani. Alisema ameyahesabu matofali yale kwa mkono wake. Yanatosha jengo moja mpaka kwenye linta, juu ya madirisha, na kuzidi hapo. Yakigawanywa, watapata kuta mbili za kiunoni, na mvua ya Novemba itazimaliza zote.

"Chagueni moja," akasema. "Sitajenga magofu mawili." Akakaa.

Ndipo Cornelia akasimama. Watu walisubiri aombe huruma.

"Mimi ni mama wa Abel, mnanijua," akasema. "Mwanangu aliona mzigo ule hauko sawa, akapokea nauli akanyamaza. Ameniambia mwenyewe. Hakimu atalimaliza hilo, sijaja kumtetea. Nimekuja kusema juu ya ghala. Tulimweka mtu siku mbili mahali ambapo hatuweki mbuzi. Tukamweka humohumo mwanamke na mtoto wa kunyonya, tukatundika gunia. Hawakufanya watu wa mbali, tulifanya sisi. Mzee Adolfu anaogopa wezi, na mimi nawaogopa. Lakini Jumatano niliogopa zaidi namna tunavyokuwa tukishamkamata mtu. Mimi nataka kituo kijengwe, na kijengwe kwanza. Kiwe na dirisha na choo, na daftari la kuandika jina la aliyeingia na saa aliyoingia. Na chumba cha wanawake kiwe peke yake."

Hapakuwa na aliyecheka. Adolfu hakuwa amejiandaa kuungwa mkono na mtu huyo, wala kwa sababu hizo. Oswaldi alimwangalia mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye.

Salome naye akainuka, kwa shida, ameshika kiuno. Sauti yake mwanzoni haikufika mbali, wakamwomba apaze.

"Shikamooni wazee. Mama yangu amesema kweli tupu, na mimi nitampinga," akasema. "Mahabusu ni ya mtu aliyekosa, au tunayedhani amekosa. Mwanamke anayekwenda kujifungua hajamkosea mtu. Mwaka jana mlinizikia mtoto. Mlikuja wote, nawashukuru. Wakati tunafyatua matofali haya mlituambia ni ya wazazi, na wanawake wenye mimba walibeba maji kwa neno hilo. Mkiyahamisha leo, mwakani mkituita tena kufyatua, tutawaamini kwa lipi? Ghala mlifungue leo, msimweke mtu tena humo. Kituo tukijenge. Lakini haya ni ya wazazi."

Christopha aliwahesabu watu kwa mikono iliyoinuliwa, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo. Jengo la wazazi lilipata mia moja sitini na moja. Kituo kilipata mia moja thelathini na tisa. Cornelia alikuwa ameinua mkono kwa kituo na Salome kwa jengo la wazazi, wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Oswaldi aliinua kwa jengo la wazazi, kisha akamwomba mkewe radhi kwa macho. Kabla hawajatawanyika, mkutano ulikubali pia kwamba ghala la pembejeo halitafungiwa mtu tena, na aliyekamatwa atakaa ofisini kwa mtendaji, mlango wazi, mgambo wawili, hadi polisi wafike.

Njiani kurudi nyumbani wanawake wale wawili walitembea nyuma, polepole kwa ajili ya Salome. Salome alisema mama amsamehe kwa kumpinga mbele ya watu.

"Usiombe msamaha kwa kitu ulichokifanya vizuri," Cornelia akamwambia. "Umenishinda mbele ya kijiji kizima. Kama ni kushindwa, afadhali nishindwe na mtu wa nyumbani kwangu."

Kesho yake Cornelia alichukua jembe na kalibu ya mbao, akaenda kwenye shimo la udongo lililo ng'ambo ya mto, akaanza kufyatua matofali ya kituo. Hakumwalika mtu. Siku ya pili alimkuta Avelina pale, mtoto amelazwa kwenye nyasi, anakanyaga udongo kwa miguu. Siku ya nne akaja Stanley baada ya zamu yake, akachota maji. Wiki ya pili mzee Adolfu mwenyewe alisimama ukingoni mwa shimo kwa muda mrefu, akiangalia matofali yaliyoanikwa kwa safu. Aliuliza yamefika mangapi. Cornelia akamwambia elfu moja na mia tatu. Adolfu akasema kamati haiwezi kuachia wanawake wawili na mgambo kazi ya kijiji, na Jumamosi ile akaleta mtaa wake wote, pamoja na trekta dogo la kubebea kuni.

Abel alisomewa mashtaka ya kupokea mali ya wizi, akabaki rumande. Yule mtu wa gunia alikamatwa Muze Julai, na Abel alimtambua mbele ya hakimu, akaeleza na ile nauli mara tatu, hakupunguza. Septemba hakimu alimpa miezi sita ya kifungo cha nje, afanye kazi za jamii kijijini kwake chini ya mtendaji. Akarudi Nankundi mchana kweupe, kwa miguu kutoka barabara kuu, na jambo la kwanza alilofanya ni kupita kwa mzee Adolfu kuomba radhi. Adolfu hakumkaribisha ndani, lakini alimpa mkono.

Salome alikuwa amejifungua Agosti, nyuma ya lile pazia la zahanati, salama, mtoto wa kike, wakamwita Silvana. Kuta za jengo la wazazi siku hiyo zilikuwa zimefika kwenye linta. Oswaldi alipoitwa kumwona mjukuu alikuja na udongo mikononi, akakataa kumgusa mpaka anawe mara mbili. Abel alifanya kazi ya kifungo chake kwenye jengo hilohilo, muda wa saa nne kila siku, akimsogezea baba yake matofali. Walizungumza kidogo. Oswaldi alimsahihisha kila alipokosea kuchanganya udongo, na Abel aliuchanganya upya.

Kifungo kilikwisha Machi. Mei, msingi wa kituo ulipochimbwa, Abel alikuja na sepetu yake bila kuitwa na mahakama wala na mtu. Kamati ndiyo iliyomwomba Oswaldi ajenge, na aliyetumwa kumwomba alikuwa Adolfu, ambaye alivua kofia uani na kusema kwamba hawana fundi mwingine wanayemwamini kwa mahabusu. Oswaldi akamjibu kuwa hata yeye asingemwamini mwingine.

Julai afisa wa polisi alikuja kutoka mjini kukagua kuta kabla ya kuezekwa. Watu waliacha kazi wakasogea. Alizunguka chumba cha mahabusu, akagonga pembe, akatazama choo, akaridhika. Kwenye dirisha akasimama. Alisema ni kubwa kuliko aliyozoea kuyaona, na nondo zimeachana. Akauliza nani amepima nafasi hizo.

"Mimi," Oswaldi akasema.

"Kwa kipimo gani, mzee?"

Oswaldi alinyoosha mwiko kuelekea nje, kwa Abel aliyekuwa akikoroga udongo, kifua wazi, jasho linamtiririka.

"Kwa kichwa cha yule. Ni mwanangu. Nilimwambia ajaribu kukipitisha, akajaribu mara tatu, akashindwa. Lakini hewa inapita."

Afisa alimwangalia Abel, akamwangalia mzee, akaangalia tena dirisha. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akapiga mstari chini. Kisha akaomba aoneshwe chumba cha wanawake, na Cornelia akajifuta mikono, akamtangulia.